Filamu Iliyokatikia Stesheni

Umeme ukikatika hapa Tarime, mwenye duka la simu lililo chini ya chumba changu huwasha jenereta. Ni jenereta ndogo ya kuvuta kamba, yenye kelele kubwa kuliko kazi yake, na moshi wake hupanda ngazi mpaka kwenye vyumba vyetu vya juu. Wapangaji wenzangu hufunga madirisha huku wakitukana. Mimi hufungua langu. Sijawahi kuwaambia sababu, maana mtu mzima akianza kueleza kwa nini anapenda moshi wa petroli, ataonekana amechanganyikiwa. Lakini ninyi wa rika langu, mliokulia kijijini kabla simu hazijajaa kila mfuko, nadhani mtanielewa. Harufu ile kwangu ni Jumapili alasiri, Machochwe, ndani ya banda la video, nimekaa chini kwenye vumbi, mgongo wangu umeegemea magoti ya mama. Na mama bado namtaka. Niseme mapema, mtu asije akadhani naandika habari za filamu.

Banda lilikuwa la Chacha. Zamani aliendesha magari ya watalii, mgongo ukamshinda, akarudi nyumbani na TV yenye kisogo kirefu, deki ya kanda, jenereta na domo lisilochoka. Tulimwita Chacha Video. Alitundika mablanketi madirishani ili jua lisiingie, akapanga mabenchi ya mbao, kisha akasimama kando ya TV na fimbo ya kuchungia ng'ombe mkononi. Kazi ya fimbo ilikuwa kutuonyesha nani ni nani. Kazi ya mdomo ilikuwa kutafsiri. Kingereza chake kiliishia kwenye salamu za watalii, na Kichina hakukijua kabisa, lakini hakuna filamu iliyowahi kumshinda. Sauti ya TV aliishusha hadi chini, kwa sababu, alisema, wale watu wa ndani walikuwa wanamkatiza maneno.

Karibu kanda zake zote zilikuwa za karate, na zote zilikuwa na pati tu, yaani sehemu ya pili. Ninyi mnakumbuka. Filamu ikiisha mtemi mbaya akiwa bado hai, hukuhuzunika. Uliuliza tu pati tu inakuja lini. Kwa akili yangu ya darasa la tatu, hivyo ndivyo dunia ilivyopangwa. Hakuna jambo lililokwisha vibaya, ila lile ambalo kanda yake ya pili haijafika.

Kisha ikaja ile kanda isiyo na jalada. Mzungu mmoja aliyekuwa akichunguza fisi huko hifadhini alifunga kambi yake, akamwachia dereva wake sanduku la vitu, na dereva akamgawia Chacha hiyo kanda. Haikuwa na rangi. Ilikuwa ya zamani sana, nyeusi na nyeupe, inayochezacheza. Mwalimu wetu wa Kingereza alisikiliza kidogo akasema hiki si Kingereza. Chacha akamjibu kwamba afadhali, maana sasa hakuna wa kumsahihisha.

Kabla sijasema tulichokiona, lazima niseme nyumbani kwetu tulikuwa akina nani, la sivyo hamtaelewa kwa nini banda zima liligeuka kumtazama mama yangu.

Mwenye mji wetu alikuwa Bibi Wankuru. Mumewe alikufa akamwachia ng'ombe, shamba na mabinti walioolewa wote wakaondoka. Mtoto wa kiume hakuwa naye. Kwetu Wakurya, nyumba ya namna hiyo huitwa nyumba ntobhu, na dawa yake inajulikana: mwanamke mwenye ng'ombe anatoa mahari, anaoa mwanamke mwenzake, huyo mkamwana anazaa, na watoto wanakuwa wa nyumba ile. Mwanamume wa kuzaa naye huchaguliwa kwa makubaliano, na akishamaliza lake hana cha kudai. Halikuwa jambo la kunong'onezwa. Hata kanisani tulikaa benchi moja, Bibi, mama na mimi, na mchungaji alitupa mkono kwa mpangilio huo.

Mama hakuwa Mkurya. Alitoka Ukerewe, kisiwani, na jina lake lilikuwa Perusi. Mjomba wake aliyekuwa akiuza samaki wakavu mnadani ndiye aliyepokea ng'ombe wa Bibi, na tangu siku hiyo mjomba hakuonekana tena. Kikurya kilimshinda mama. Bibi naye Kikerewe alikisikia kama kelele za ndege. Kwa hiyo nyumbani kwetu tulisema Kiswahili, Kiswahili cha dukani, kifupi, cha kuombana chumvi na kuulizana kama ndama amefungwa. Nilidhani familia zote zinazungumza hivyo, kwa sentensi za maneno matatu.

Nilizaliwa mimi. Bibi akanipa jina la mama yake, Bhoke, akasema basi, mlango umefunguka, wa kiume atafuata. Hakufuata. Bibi hakumtukana mama kwa hilo, lakini kila mwaka uliopita aliongea zaidi na ng'ombe na kupunguza maneno na yeye.

Sasa filamu. Treni inakuja, inasimama, anashuka msichana mwenye sanduku lililofungwa kwa kamba. Nchi yote ni nyeupe, chini, juu ya mapaa, juu ya miti. Mwalimu alisema ni theluji, akaambiwa anyamaze asituharibie. Wengi tulikubaliana ni pamba, mwaka wa mavuno makubwa uliokosa wanunuzi. Msichana anatembea katika hiyo pamba hadi kijijini. Anawauliza watu kitu, hawamwelewi. Anaonyesha kwa mikono, wanacheka. Hata sisi ambao hatukujua lugha ya mtu yeyote mle ndani tuliona kwamba lugha yake na yao ni mbili. Mwisho anafika kwenye nyumba ya mbao, anagonga, na anayefungua ni kikongwe mwenye uso mkavu, aliyemtazama toka miguuni hadi kichwani bila kusema karibu.

Chacha aliisogelea TV. Nilimwona anafikiri. Ukutani mwa ile nyumba palikuwa na picha ya mwanamume aliyevaa kofia, na kando yake kitambaa cheusi. Hapakuwa na kijana wala mtoto. Ndipo Chacha akagonga TV kwa fimbo.

"Jamani, hii ni nyumba ntobhu," akasema. "Mzee amefariki, huyo pale ukutani. Bibi hana mtoto wa kiume. Ametoa ng'ombe, amemuoa huyu binti wa mbali."

Banda zima likasema "Eeeh!" kwa sauti ya watu walioelezwa jambo walilokuwa wanalijua. Na baada ya hapo kila kitu kikakaa mahali pake. Ng'ombe wa yule kikongwe alikuwa analala ndani ya nyumba, upande wa pili wa ukuta mfupi, na wazee wakatikisa vichwa kwa heshima, wakasema hao ni watu. Msichana akafundishwa kukamua, maziwa yakamwagika, kikongwe akafoka. Akaja mwanamume na mkokoteni wa kuni, akakawia mlangoni akimwangalia msichana. "Huyo ndiye aliyechaguliwa," Chacha akasema, na kina mama wakamkagua wakaona anafaa, ila miguu yake imepinda.

Leo najua haikuwa hivyo. Huenda yule msichana alikuwa mtumishi, au alikimbia vita. Sijui, na sitaki sana kujua. Mle bandani ilikuwa ni filamu kuhusu kwetu, na watu wakaanza kugeuka, mmoja mmoja, kumtazama mama yangu na Bibi Wankuru, waliokaa benchi la tatu. Niligeuka na mimi. Bibi alikuwa amenyoosha shingo, mdomo wazi kidogo. Nadhani hakuwahi kuonyeshwa mtu kama yeye popote. Mama hakutikisika. Msichana wa kwenye TV alikuwa amesimama dirishani, anafuta ukungu wa kioo kwa kiganja, anatazama njia aliyojia.

Kulikuwa na kipande ambacho Bibi alikirudia nyumbani mara nyingi. Msichana amelowa, anatetemeka. Kikongwe anamvua soksi kwa hasira, kama mtu anayemenya ndizi, anazitundika juu ya moto, kisha anaishika ile miguu yenye baridi na kuiweka kwenye mapaja yake mwenyewe. Uso bado mkavu. Siku chache baada ya filamu mvua ilimnyeshea mama akitoka kisimani, akaingia ndani amelowa chepechepe. Bibi akainuka. Alizunguka zunguka, hakujua aanzie wapi. Mwisho akachukua sufuria, akampikia mama chai, yeye mwenyewe, mwenye mji, akamkabidhi kikombe huku anatazama pembeni. Mama alikinywa amesimama. Nilicheka, nikadhani wanacheza mchezo.

Tuliiona filamu ile Jumapili nyingi, kwa maana watu waliiagiza. Lakini hatukuwahi kuiona hadi mwisho. Ilikatikia stesheni. Msichana amekaa juu ya sanduku lake anangoja treni, na kikongwe anakuja kwa mbali katika ile pamba, polepole, amebeba kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Hapo picha huanza kucheza, mistari inapita, deki inatafuna mkanda, na Chacha anakimbilia kuuchomoa. Kijiji kikagawanyika. Wanaume walisema kikongwe amefuata ng'ombe wake. Kina mama walisema amemletea chakula cha safari. Bibi alisema kwa mkazo kwamba amemfuata mkamwana wake na wanarudi wote nyumbani. Mama alipoulizwa alisema hajui. Lakini tulipokuwa wawili tu shambani, tunapalilia mtama, alisema pasipo mimi kuuliza, "Miguu ya yule binti ilikuwa imeelekea reli." Halafu akaendelea na jembe.

Hapo ndipo woga uliponiingia. Nilikuwa nimeshawaunganisha kichwani mwangu, mama na yule msichana. Nilijua, kama mtoto anavyojua mambo yake, kwamba atakachofanya mmoja ndicho atakachofanya mwingine.

Haikupita miezi mingi, mwanamke mmoja muuza dagaa alikuja toka ziwani mpaka mnada wa Mugumu, akaulizia, akamtumia mama salamu: mama yake mzazi ni mgonjwa, hali wala hainuki, kila siku anamtaja Perusi. Jioni ile mama alipiga magoti mbele ya Bibi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya kuja.

"Mama, naomba ruhusa. Nikamwone mzazi wangu, nirudi."

Bibi alikuwa anachambua ulezi kwenye ungo. Hakuinua macho. "Nimesikia," akasema. "Acha nifikiri."

Alifikiri siku tatu. Shemeji yake, mzee Marwa, ambaye alijipa kazi ya kuisimamia nyumba yetu bila kuombwa, alikuja kumsaidia kufikiri. Niliwasikia nikiwa nyuma ya zizi.

"Huyo akivuka lile ziwa harudi, Wankuru. Kwao ni mbali, nani atamfuata? Utabaki na mtoto wa kike na zizi lililopungua. Mwambie asubiri avune kwanza."

"Akivuna, mama yake atakuwa amekufa."

"Hayo ni ya kwao."

Mimi ningebaki kwa vyovyote. Hilo halikujadiliwa, maana mtoto ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe. Hata mama hakuomba kwenda na mimi. Alijua ni bure, na kuniombea kungemponza, asipewe hata ruhusa yake. Alichofanya, zile siku tatu, ni kushona. Alinishonea gauni la kitambaa cha bluu kwa mkono, na nilipolijaribu lilinifika vifundoni, mikono ikanizidi. Nikamwambia amekosea. Akasema, "Utakua." Akashusha pia pindo la sketi yangu ya shule, akaongeza na akiba ya kukunja, ya kufunguliwa siku nyingine. Nilifurahi. Niliona ameniona nimekuwa mkubwa.

Asubuhi ya siku ya nne, Jumamosi, Bibi aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa amemshika kuku, yule mwenye madoa.

"Mpelekee Chacha. Mwambie autengeneze ule mkanda, uone mwisho. Kisha uje uniambie yule mkamwana amefanyaje."

"Kwa nini usiende mwenyewe, Bibi?"

"Macho yangu ile TV inayachoma. Nenda. Na usimwambie mtu."

Mtanicheka, na kweli inachekesha: mwanamke mwenye ng'ombe, mwenye akili zake timamu, kupima jambo zito la nyumba yake kwa filamu ya watu asiowajua. Lakini mlitaka amuulize nani? Pale kijijini kila mtu alikuwa na la kusema na hakuna aliyewahi kuwa kikongwe peke yake ndani ya nyumba na mgeni aliyemlipia mahari. Ndani ya ile kanda ndimo alimokuwamo mwenzake mmoja tu.

Chacha alifungua kanda kwa bisibisi ndogo, akanyoosha mkanda uliokunjamana kwa vidole, akakata kipande, akaunga kwa selotepu. Alifanya kazi kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake. Kisha akavuta kamba ya jenereta, moshi ukaingia, tukakaa wawili tu mbele ya TV, yeye kwenye benchi na mimi chini. Fimbo aliiacha mlangoni.

Kikongwe anafika. Anafungua kile kitambaa, ni mkate. Anampa msichana. Anavua shali yake, anamfunga msichana kichwani, anaikaza chini ya kidevu, kwa ukali uleule wa siku zote. Treni inakuja. Msichana anapanda. Tunauona mkono wake kwenye kioo, unafuta ukungu, kisha treni inauchukua ule mkono inaondoka nao. Kikongwe anasimama palepale kichwa wazi mpaka ile pamba inaanza kumfunika mabega. Anarudi nyumbani. Ng'ombe anageuza shingo kumtazama. Anakaa mezani, anakata mkate mwingine vipande viwili, kimoja anakiweka mbele yake, kingine mbele ya kiti kitupu. Halafu maandishi yakaanza kupanda, meupe, mengi.

Chacha hakutafsiri neno. Alizima jenereta, nikasikia kuku wa Bibi akikwaruza chini ya benchi.

"Amekwenda, mtoto," akasema.

"Pati tu anarudi?"

Alijifuta mikono kwenye suruali kwa muda mrefu. "Sina pati tu ya hii. Sikiliza. Ukitaka, mwambie bibi yako mkanda umekatika kabisa, haujaonekana kitu. Mimi nitakubaliana na wewe."

Nilitembea polepole kurudi. Nilipita njia ya mbali, ya kisimani, nikakaa kwenye jiwe nikatupa kokoto majini. Nataka niseme ukweli kuhusu yule mtoto aliyekaa pale, kwa sababu nimemhukumu miaka mingi. Hakuwa mwongo. Alisikia kwamba Chacha hana pati tu. Hakusikia kwamba pati tu haipo. Ilikuwa mahali fulani, kwenye sanduku la mzungu mwingine, na ndani yake treni inarudi. Na alikuwa amemwona mama yake usiku wa kuamkia jana akila ugali huku machozi yanaingia mdomoni, akiyameza pamoja na tonge. Nilitaka aache kulia. Nilitaka aende akamwone mama yake, kisha arudi, na niliona njia ya kupata vyote viwili.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Mama alikuwa anafagia uwanja, mbali kidogo, na ufagio wake ulisimama niliponyanyua mdomo.

"Umeona?"

"Nimeona. Amepanda treni. Amekwenda kwao. Halafu amerudi."

"Amerudi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Ndiyo. Amerudi na samaki."

Bibi alinitazama, akaangalia ardhi, akanitazama tena. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, bila kugeuka, "Perusi. Kesho kuna gari la Mugumu." Ufagio ulianguka.

Asubuhi tulimsindikiza barabarani. Bibi ndiye aliyebeba mfuko wa mama, kichwani, mbele ya macho ya kijiji kizima, na mzee Marwa aliyekuwa amesimama mlangoni kwake akatema mate. Mama aliniinamia, akaushika uso wangu kwa mikono yote miwili, viganja vyake vikiwa na harufu ya sabuni ya kufulia. Alisema nimsikilize Bibi, nile vizuri, nisichezee mtoni. Alisema maneno mengi ya kawaida kama hayo, haraka haraka, na mimi sikumsikiliza sana kwa kuwa nilijua atarudi. Nilikuwa namwangalia dereva akifunga turubai. Nimeyatafuta yale maneno maisha yangu yote na ninayo machache tu.

Hakurudi. Siku za gari nilikimbilia barabarani baada ya shule, nimevaa lile gauni la bluu hata kabla halijanitosha. Wiki zikawa miezi. Tukasikia mama yake amefariki. Baadaye tukasikia yeye mwenyewe yuko na mvuvi. Gauni likanitosha, kisha likanibana. Wazee walimfuata Bibi: dai ng'ombe wako, au tuma watu wamrudishe, au tumia waliobaki uoe mwingine, nyumba isife. Marwa alikuwa ameshamtafutia binti huko Nyansurura, mwenye nguvu, Mkurya, anayejua kukamua. Bibi akakataa yote. Kila mara jibu lake lilikuwa moja: "Atarudi." Walimwona amezeeka akili. Mimi nilimwona mkaidi na mvivu. Nilimchukia kwa lile neno. Nilikuwa nataka apande gari akamlete, na yeye anakaa kwenye kigoda na kusema atarudi, atarudi. Nikiwa kidato cha pili habari zikaja kwamba mama amekufa, homa, na kwamba ameshazikwa. Hata siku hiyo sikumlilia mbele ya Bibi. Nilijifungia na siri yangu. Nilikuwa nimemdanganya Bibi, nikamtoa mama yangu nyumbani kwa mdomo wangu mwenyewe, na siri hiyo niliibeba hadi Tarime, hadi kazini, hadi kwenye ndoa iliyonishinda.

Mwaka huu Bibi yupo kwangu. Nilimleta kwa ajili ya hospitali. Macho yamekwisha sasa, anaona mwanga tu, na mchana nikirudi kula humkuta kwenye kochi anasikiliza tamthilia iliyotafsiriwa, anauliza huyu anayelia ni mke wa nani. Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunakula, nikamwambia. Sikujiandaa. Nilikuwa namwekea mboga, nikasikia nasema, "Bibi, ile filamu nilikudanganya. Yule msichana hakurudi."

Akatafuna akamaliza. "Najua."

"Unajuaje?"

"Chacha alikuja na baiskeli kabla yako. Wewe ulikawia kisimani. Akanirudishia kuku wangu, akasema amekwenda moja kwa moja, bibi kabaki na ng'ombe. Nikamwambia asante, nikakaa kwenye kigoda nikakungoja."

Sahani ilikuwa mkononi mwangu, nikaiweka chini. Nilihisi hasira, ya kweli, ya kitoto. Miaka yote ile. "Basi kama ulijua, kwa nini ulimruhusu? Kwa nini hukuoa mwingine? Nyumba yako imekufa, Bibi. Imekufa kwa ajili ya nini?"

Alinyoosha mkono akapapasa meza hadi akaupata wangu.

"Nilikuwa na maneno mawili," akasema. "La Chacha, amekwenda. La kwako, amerudi. Nikachukua lako."

"Nilikuwa mtoto, Bibi. Nilikuwa na miaka tisa."

"Ndiyo," akasema. "Lakini mimi nilimlipia ng'ombe tu, na Chacha aliona TV. Wewe ndiye uliyekuwa unamjua."